Boti Kuukuu ya Aluminiamu: Tazama Tezi Kabla ya Kununua Mashine

Najua mmezoea kusikia hapa habari za michungwa, mihogo, minazi na iliki, maana hizo ndizo kazi za Muheza. Lakini Muheza ina bahari vile vile. Tangu Mkinga ilipokatwa ikawa wilaya yake, ufuko uliotubakia ni mfupi, lakini upo, kule Kigombe, katika barabara ya Tanga kwenda Pangani. Mkulima wa kule asubuhi ana jembe, na maji yakifika ana kasia. Leo nasema naye, pamoja na jirani zake wa Mkinga, Tanga mjini na Pangani.

Habari yenyewe ni boti. Si mtumbwi wala ngalawa, hivyo mnavijua kuliko mimi. Nasema ile boti ya aluminiamu, inayong'aa kama sufuria. Kwetu si nyingi. Aghalabu ililetwa na watu waliokuja kwa kazi fulani. Kazi ikaisha, mashine ikafa, wenyewe wakaondoka, na boti ikapinduliwa chini ya mkungu, kuku wakapata pa kutagia. Siku moja mtu anawaambia, "Chukueni hii kwa bei ndogo, mtie mashine mpya, itawafaa." Je, itawafaa kweli? Inaweza kuwafaa sana. Inaweza pia kula fedha yote ya kikundi na kuwatupa baharini. Inategemea mnaanzia wapi.

Kwanza niseme kwa nini mkulima ahangaike na boti. Tazama wakulima wa mwani. Kilimo hiki kilipoanza kibiashara Unguja mwaka 1989, kisha kikaenea mpaka huku bara, akina mama walikuwa wakienda kwa miguu maji yakikupwa, wanapiga vigingi, wanafunga kamba, wanarudi. Siku hizi maji ya kina kifupi yanapata joto kali. Ile aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, haivumilii: matawi hugeuka meupe, yanakatika, yanachukuliwa na mkondo. Wataalamu wamejaribu kuipeleka kwenye maji marefu yaliyo baridi zaidi, nayo huko hukua vizuri zaidi. Lakini kwenye maji marefu huendi kwa miguu. Na mwani ukivunwa ni mzito: kilo 7 hadi 10 za mbichi hutoa kilo moja tu ya mkavu. Kwa hiyo mzigo wote ule wa maji lazima ubebwe mpaka nchi kavu kwanza. Na wengi wa wanaoubeba ni akina mama ambao hawakufundishwa kuogelea. Hilo liwe mbele yenu katika kila neno nitakalosema.

Sasa kikundi kikikaa chini ya mwembe kuzungumza juu ya boti, maneno ya kwanza huwa ni mashine. Vijana watasema, "Tununue ya farasi 40, tupae juu ya maji." Mimi nasema ngoja. Fedha ya kwanza iende kwenye bodi na ubao wa tezi. Mashine ije mwisho, na iwe ndogo kuliko mnavyoitamani.

Tuanze na bati lenyewe. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu kama chuma. Ikiguswa na hewa hujifunika ngozi nyembamba ngumu, na ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Akina mama mnalijua jambo hili jikoni: sufuria ukichemshia magadi linakuwa jeusi, ukipikia kitu chenye ndimu linatakata. Magadi yanakula ile ngozi. Na chokaa ni ndugu yake magadi. Kwa hiyo, mzee wangu fundi wa majahazi, nakuomba radhi: deheni ile ya chokaa na shahamu unayoipaka chini ya mashua, nzuri sana kwa mbao, usiipake katika boti hii. Wala msiilaze juu ya saruji mbichi, wala kuisugua kila siku kwa majivu ya kuni.

Adui wa pili ni shaba. Aluminiamu na shaba zikikutana ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa. Mtu anaona tundu, anatia bolti ya shaba aliyoiokota, anafurahi. Baada ya miezi tundu limekuwa pana kuliko bolti. Hata sarafu moja ya rangi ya shaba ikianguka chini ya sakafu ya boti na kukaa na maji ya chumvi, itachimba mahali ilipolala. Hali kadhalika rangi za chini ya chombo zenye shaba ndani yake, na ile rangi nyekundu ya risasi inayopakwa kwenye vyuma, hazifai hapa. Bolti zote ziwe za chuma cha pua, tena kati ya bolti na bati mtie washa ya plastiki.

Ngoeni sakafu ya mbao yote, msiache hata ubao mmoja. Bati huliwa pale maji ya chumvi yanapotuama bila hewa, chini ya mbao zilizolowa na magunia yaliyosahauliwa. Mtaona unga mweupe. Osheni kwa maji baridi ya kisima, mkwangue kwa kipande cha mti mgumu au brashi ya plastiki. Brashi ya waya wa chuma wa kawaida iacheni, maana huacha chembe za chuma ambazo zitashika kutu na kuchimba bati. Baada ya kuosha, chukueni bisibisi, mgonge taratibu kwa mpini wake kila penye doa. Panapolia vizuri pana uzima. Panapobonyea, pameisha.

Halafu ribiti. Boti nyingi za namna hii zimeshonwa kwa mistari ya ribiti, na zikipigwa na mawimbi miaka mingi, ribiti hulegea. Njia ya kuzijua ni rahisi. Iwekeni boti juu ya magogo ya minazi, magogo manne au matano, ipate kuegemea kote, pawe na nafasi ya mtu kuingia chini. Tieni maji ndani kina cha vidole vinne. Msizidishe: boti ya futi 14 ikiwa na maji ya kina hicho imebeba zaidi ya kilo 300 tayari, na ikiegemea magogo mawili tu itapinda. Sasa mtu mmoja apite chini na kipande cha mkaa, kila ribiti inayotoa tone aizungushie duara. Msicheke mkiona maduara 40. Ni kawaida.

Iliyolegea tu hukazwa: mmoja anashikilia nyundo nzito kwenye kichwa cha ribiti kwa nje, mwenzake anagonga kwa ndani. Iliyokufa hutobolewa ikatiwa mpya, ya aluminiamu na isiyo na tundu katikati. Zile ribiti za bunduki ya mkono wanazotumia mafundi wa milango zina tundu, na maji yatapita humo humo. Kabla ya kukaza tieni gundi laini ya mashua, ile inayobaki kama mpira. Lami haifai. Hupasuka na jua.

Panapotakiwa kuchomelewa, kuweni waangalifu na mafundi. Fundi wa kuchomelea mageti ni fundi mzuri wa mageti. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ile ngozi yake haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,000. Hivyo kwa mashine ya kawaida fundi anapasha moto, haoni kitu, anapasha tena, ghafla bati lote linadondoka na tundu lililokuwa la dengu linakuwa la chungwa. Anayeweza kazi hii ni yule mwenye mashine ya gesi ya agoni na aliyezoea aluminiamu. Kama hayupo karibu, bora kiraka cha bati la aluminiamu kilichopigwa ribiti na gundi kuliko kumjaribu mtu.

Sasa nifike tezini, mahali nilipokuwa napakimbilia tangu mwanzo. Mashine ya nje haikamati bati. Inakamata ubao uliofichwa kati ya mabati mawili nyuma ya boti, na ubao huo hauonekani. Kwa nje boti inang'aa, ndani ubao umeoza umekuwa kama muhogo uliovunda. Ukifunga mashine na kufungua kasi, nguvu yote ya kusukuma chombo na mzigo inapita katika ubao huo. Ukiachia, mashine inakwenda chini, na pengine inaondoka na kipande cha tezi, na maji yanaingia kutoka nyuma. Ndipo akina mama niliowataja wanapokuwa maili moja kutoka ufukweni.

Kwa hiyo pimeni. Chomekeni kisu chembamba kwenye matundu ya bolti. Kikizama kama kwenye mkate, ubao umekwisha. Mtu mzima avute juu ya tezi mbele na nyuma. Pakicheza, ubao umekwisha. Boti ya miaka 20 au 30 iliyolala nje, mimi nisingepima, ningeubadili tu.

Na hapa Muheza tuna bahati. Shamba la miti la Longuza liko wilayani kwetu, nalo ni shamba la mitiki. Mtiki una mafuta yake wenyewe, hauozi upesi kwenye maji. Tafuteni mbao kavu, ziunganishwe kwa gundi isiyoogopa maji, unene uwe sawa na ule wa zamani, kisha kingo zote na kila tundu la bolti lipakwe mpaka mbao isione maji. Plaiwudi ya baharini nayo yafaa, ila ile ya kutengenezea makabati haifai. Jambo moja la kushika: mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, nyingi dawa yake ina shaba ndani. Mmekwisha kusikia shaba inafanya nini.

Chini ya viti vya boti hizi kulikuwa na sponji ngumu nyepesi, ili boti ikijaa maji isizame. Itazameni. Ikiwa imenyonya maji, ni mzigo badala ya kuwa msaada, itoeni. Kama hampati mpya, madumu ya lita 20 yaliyofungwa vizuri na kukazwa chini ya viti yanasaidia. Kila moja linainua karibu kilo 19. Yasambazeni pande zote mbili, omo na tezi, na yafungwe kwa mkanda imara, siyo kwa kamba moja ya katani iliyochoka.

Rangi sisemi mengi. Boti inayovutwa pwani kila siku haihitaji rangi ya chini. Ikitakata iacheni hivyo hivyo, fedha hiyo inunue majaketi ya kuokolea.

Haya, sasa mashine. Pengine mmepewa boti pamoja na mashine yake ya zamani. Msiitupe kabla ya kuitazama. Vuteni kamba taratibu plagi zikiwa ndani: ikiwa kuna ukinzani mzuri, moyo wake bado upo. Kilichokufa mara nyingi ni kabureta iliyoziba kwa petroli iliyooza, plagi, au ile gurudumu ndogo ya mpira ya pampu ya maji. Hivyo ni vitu vidogo. Lakini mashine iliyozama baharini kisha ikaachwa ikauke, hiyo haina maneno tena. Ikizama leo, ioshwe leo kwa maji baridi, plagi zitolewe, itiwe oili, iwashwe siku hiyo hiyo.

Nitawapa mfano mkubwa, kutoka Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaungwa huko. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nyingi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Injini za mvuke ziliendelea hadi miaka ya 1970 zilipobadilishwa kuwa za dizeli. Tazama mpango wa kazi: bodi ilikuwa nzima, ndipo ikastahili injini mpya. Na tazama grisi ilivyofanya kazi chini ya maji. Sasa wewe mashine yako inakaa juu ya maji, na kibati cha grisi unakionea uchungu!

Tuje kwenye ukubwa. Tafuteni ndani ya boti, karibu na tezi, kibati kidogo kilichoandikwa uzito na nguvu ya mashine inayoruhusiwa. Boti zilizoundwa kwa soko la Marekani tangu miaka ya 1970, ndogo kuliko futi 20, hutakiwa kuwa nacho. Kikiwapo, mfuateni. Kama kimeng'oka, nawapa kipimo: kwa kanuni za huko, boti ya kawaida ya futi 14 yenye tezi ya upana wa futi 4 haizidi farasi 20, nayo hiyo ni boti mpya, si ya kwenu yenye maduara 40 ya mkaa.

Lakini utaniuliza, mashine kubwa si itaniwahisha? Haikuwahishi ukiwa na mzigo. Boti ya urefu huo ikibeba nusu tani ya mwani mbichi haipai. Inasukuma wimbi lake yenyewe, na mwendo wake ni kama noti 5, yaani kilomita 9 kwa saa. Ukiongeza nguvu, tezi inazama na omo inainuka, basi. Mafuta yanakwenda, wewe hauendi. Mashine ya farasi 15 ya kuchanganya oili, ikifunguliwa yote, hunywa lita 6 au 7 kwa saa. Ya farasi 40 hunywa karibu 20. Mwendeshaji atasema, "Mimi sitafungua yote." Vizuri. Kama hufungui yote, ya nini kuinunua yote? Chukueni safari kumi za saa moja moja, pigeni hesabu kwa bei ya petroli ya siku hiyo, kisha mwulizeni mweka hazina ni kilo ngapi za mwani mkavu.

Kuna na uzito wake. Mashine ya farasi 15 ya kuchanganya oili ina kilo 36 hadi 40 hivi. Ya farasi 15 isiyochanganywa oili, ya mipigo minne, inakaribia 50. Hii ya pili hunywa mafuta kidogo zaidi ya kidogo na haina moshi, lakini bei yake ni kubwa na fundi wake si kila kijiji. Kwa kikundi kinachoanza, mimi ningechukua ile ya kuchanganya, maana vipuri vyake vinajulikana na mafundi wa pwani wanaifungua hata gizani. Nyingi huchanganywa moja kwa hamsini: lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Oili iwe ya mashine za boti, kopo limeandikwa TC-W3. Ya pikipiki siyo. Na mashine ikiwa mpya, fuateni kitabu chake kwa saa za kwanza.

Pimeni pia urefu wa mguu. Kuna mguu mfupi wa inchi 15 na mrefu wa inchi 20. Kile kibamba kilicho juu ya propela kiwe sawasawa na chini ya boti. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu, propela inakoroga hewa. Mguu mrefu kwenye tezi fupi, unalima matumbawe; na kumbukeni maji yetu tangu mwaka 2009 yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, miamba ile si ya kulima.

Kwenye mguu wa mashine kuna kipande cha zinki. Kazi yake ni kuliwa badala ya mashine. Usikipake rangi, kikiisha nusu badilisha. Na kila jioni mashine iwashwe ndani ya pipa la maji baridi dakika kumi, chumvi itoke. Ndoo chache za maji ya kisima zinaokoa mashine ya mamilioni.

Karatasi zisiachwe. Muoneni ofisa uvuvi wa wilaya, naye atawaonyesha njia ya kuandikisha chombo na ukaguzi wa TASAC. Msione ni usumbufu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimebeba watu na mizigo kupita kiasi, wakafa zaidi ya watu 220, na pwani ilikuwa inaonekana kwa macho.

Boti ikiwa tayari, jaribio la kwanza lifanyike siku ya maji mafu, asubuhi kabla ya upepo, waende watu wawili wanaojua kuogelea, na badala ya mwani watie magunia ya mchanga. Ongezeni gunia moja moja, mpaka kutoka maji kufikia ukingo wa tezi kubaki sentimita 30. Hapo simameni, hesabuni magunia, kisha pigeni mstari wa rangi nyekundu kwa nje, usawa wa maji, pande zote mbili. Toeni katika hesabu hiyo uzito wa kila mtu atakayepanda. Siku ya mavuno mama yeyote aliye ufukweni, hata asiyejua kuendesha, akiona mstari umezama ana haki ya kusema gunia lishuke, na nahodha alishushe.

Kwa leo ni hayo. Kwa herini.